Mizunguko Saba

Sanduku lilipokataa kwa mara ya nne, Mabula, fundi wa umeme wa kiwanda, hakutukana. Matusi yake yote, ya Kiswahili na ya Kisukuma, yalikwisha lilipokataa mara ya tatu. Alisimama tu mbele yake, mikono kiunoni, akiziangalia zile herufi mbili nyekundu zilizowaka kwenye kioo kidogo: O na C. Kitabu kilichokuja na sanduku kilisema herufi hizo zikitokea, maana yake umeme unaokwenda kwenye mota umezidi kipimo, na sanduku limejizima lenyewe lisije likaungua.

"Limesemaje?" aliuliza Nkwabi, mwendesha kinu, akijipangusa unga wa mbegu usoni.

"Limesema vilevile."

Ilikuwa Julai ya mwaka themanini na nane, pamba imejaa kila mahali, na kiwanda cha Bwana Badrudin cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba kilikuwa kimesimama tangu jana asubuhi. Magunia yalipangwa hadi yakagusa dari. Sanduku lenyewe lilikuwa geni mjini Shinyanga. Badrudin alilipata kupitia kwa shemeji yake wa Mombasa, aliyemsifia kwamba linapandisha na kushusha mwendo wa mota kama mtu anavyopandisha na kushusha utambi wa taa. Kazi ya mota hiyo ilikuwa kuzungusha skrubu inayolisha mbegu kwenye kinu. Mbegu zikija taratibu mno kinu kinakaa bure, zikija kwa pupa kinapaliwa. Kwa hiyo sanduku lilikuwa na maana yake, ila tangu lifungwe halijafanya kazi hata dakika moja.

Bwana Badrudin alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi. Hakuwa mtu wa kufoka. Alipokasirika sauti yake ilishuka, na siku hiyo ilikuwa imeshuka sana.

"Mabula, niambie kitu kimoja tu. Ubovu uko kwenye sanduku, kwenye waya, kwenye kinu, au kwenye mota?"

"Bado napima, Bwana Badrudin."

"Pima. Lakini ukiniambia ni mota, ujue naandika Toronto leo hii."

Mabula aliinamia vifaa vyake. Mota hiyo ilisukwa na Mzee Velji, na Toronto ndiko alikokaa Nizar, mtoto pekee wa Mzee Velji.

Nani asiyemjua Velji mjini hapo? Alijifunza kusuka mota katika karakana ya mgodi wa Mwadui enzi za mkoloni, kisha akahamia mjini na kufungua karakana yake nyuma ya nyumba, chumba kimoja chenye harufu ya vanishi. Mota iliyoungua ililetwa kwake ikiwa maiti. Aling'oa shaba ya zamani, akasuka mpya, na mota ikarudi kazini. Mabula aliingia mlangoni kwake mwaka sitini na tisa akitokea kijijini Usanda, kijana asiyejua hata kushika koleo. Kila alichokijua kuhusu umeme kilitoka kwenye mikono ya mzee yule.

Na mkewe, Rehmat, ambaye watu walimwita Mama Nizar, alikuwa nusu ya karakana. Koili ya mota ni waya unaozungushwa kwenye kalibu ya mbao, mzunguko juu ya mzunguko, na idadi ya mizunguko ndiyo roho ya mota. Velji alizungusha kono la kalibu huku macho yake yakiulinda waya usipinde wala usichubuke. Kuhesabu hakuhesabu. Hajawahi kuhesabu maisha yake yote. Aliyehesabu ni Rehmat, kwenye kigoda kando yake, kwa sauti, akiuangalia mkono wa mumewe. Zamani alihesabu kwa Kikachi, lugha ya kwao. Mabula alipoingia, akahamia Kiswahili.

"Nikihesabu kwa Kikachi," alimwambia mumewe, "huyu Mabula atajuaje kama nimekosea?"

Hakukosea hata siku moja. Alikufa mwezi Machi kwa ugonjwa wa kifua, baada ya mwaka mzima wa kukohoa.

Tangu siku ya mazishi Nizar alimtaka baba yake Toronto. Velji alikataa. Mama yako yuko hapa, alimwandikia, mimi nikae kwenye theluji nikifanya nini? Kila Ijumaa asubuhi alikwenda makaburini na kopo la maji, akamwagilia mche wa asumini alioupanda kichwani mwa kaburi. Baada ya barua nyingi baba na mwana walifikia mwafaka, na msimamizi wake akawa Badrudin, ambaye Rehmat alikuwa mama yake mdogo. Maadamu mzee anafanya kazi na kazi yake inadumu, atakaa Shinyanga. Siku Badrudin atakaposema mikono ya mzee au akili yake imechoka, tiketi itakuja.

Toka Machi, Velji alikuwa amesuka mota tatu za kiwanda, zote za aina moja. Ya kwanza iliungua baada ya wiki tatu, ya pili baada ya siku kumi. Watu walilaumu umeme wa mji, na umeme wa mji ulizoea kulaumiwa. Ya tatu ndiyo hii, ambayo sanduku halikutaka hata kuionja.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo Mabula hakumwambia mtu. Mwezi Aprili alimwendea mzee wake na kumwambia, "Fundi, nikuhesabie mimi." Velji alimtazama kwa upole na kumjibu, "Ahsante, Mabula. Nina mtu wa kunihesabia." Mle ndani hakukuwa na mtu. Mabula aliaga akaenda zake nyumbani Ngokolo.

Sasa alipima. Alipima kwa utaratibu aliofundishwa, kitu kimoja kimoja, huku moyoni akikiomba kila kitu kikubali kuwa na hatia. Alianza na sanduku: alilitenganisha na mota, akaliwasha tupu. Likapanda taratibu mpaka mwisho, kimya, bila herufi yoyote. Sanduku zima. Akapima waya wa kwenda kwenye mota kwa mega, kile kipimo cha kuzungusha kwa mkono kinachoonyesha kama umeme unavuja. Hauvuji. Waya mzima. Akaitenganisha mota na skrubu, akazungusha skrubu kwa mkono, ikaenda laini kabisa, na Nkwabi akasema kwa majivuno, "Nilikwambia kinu changu hakina neno." Mabula alitamani kumzaba kibao. Akalipa sanduku muda mrefu zaidi wa kupandisha mwendo, mtu asije akasema limeharakishwa. Kisha akaiwasha mota peke yake, haivuti chochote, na mita ameibana kwenye waya.

Mota isiyovuta kitu hunywa umeme kidogo. Hii ilikunywa kama inayopandisha lori mlimani. Alibana mita kwenye waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zote tatu zilikuwa sawa, na zote zilikuwa juu mno. Herufi zikawaka.

"Mota," alisema Badrudin nyuma yake.

Mabula aliitoa mita kwenye waya.

"Mabula."

"Ni mota, ndiyo. Lakini niache niifungue, Bwana Badrudin. Usiandike kwanza. Nipe mpaka nijue ni nini."

Badrudin alizungusha chai iliyopoa kwenye kikombe. "Yule ni baba yangu mdogo," alisema. "Unafikiri napenda? Fungua."

Alifungua. Alichagua koili moja, akaikata, akahesabu nyaya. Mota zile zilitakiwa kuwa na mizunguko arobaini na minne kwa kila koili. Alipata thelathini na saba. Akahesabu tena, thelathini na saba. Akakata koili ya upande wa pili, thelathini na saba. Ya tatu, thelathini na saba. Mizunguko ikipungua, mota hunywa umeme kupita kiasi na kujichoma yenyewe. Ubovu ulikuwa wazi. Lakini Mabula alikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya shaba, na akili yake ikakataa kuondoka hapo.

Mzee anayesahau husahau ovyo. Hapa angeweka thelathini na tisa, pale arobaini na moja, kwingine hamsini. Hawezi kupoteza mizunguko saba ileile katika kila koili, koili baada ya koili. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili Mabula alipata matumaini, na matumaini hayo yalimwinua mbiombio, akatia koili tatu mfukoni na kutoka.

Alifika karakanani kabla ya alasiri. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Aliinua mkono abishe hodi, na mkono ukabaki hewani, kwa sababu ndani alimsikia Mama Nizar akihesabu.

"Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja."

"Mayu wane, mama yangu," alinong'ona Mabula. Nywele zilimsimama. Alikuwa mmoja wa watu waliobeba jeneza lake mabegani. Alisukuma mlango kidogo.

Velji alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, anazungusha kono. Juu ya kigoda cha Rehmat palikuwa na redio kaseti, ile waliyotumia kumrekodia Nizar barua za sauti. Kanda ilikuwa inazunguka. Mzee aliinua macho, hakushtuka, akamfanyia ishara ya kidole: ngoja.

Mabula akangoja. Akawa anauangalia mkono wa mzee na kuhesabu kimoyomoyo pamoja na kanda. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja.

Hapo Rehmat alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwaka ule wa mwisho, kinachoanzia mbali na kupanda hadi kumtikisa mtu mzima. Kilidumu. Na mkono wa Velji ulisimama. Ulisimama palepale, kono limeshikwa wima, na mzee akainamisha kichwa mpaka kikohozi kilipopita.

"Thelathini na tisa," ilisema sauti, imekwaruza. "Arobaini."

Mkono ukaendelea. Arobaini na moja, mbili, tatu, nne. "Basi, Baba Nizar. Ndiyo hiyo."

Velji akakata waya. Mabula hakuhitaji kuihesabu koili ile.

"Shikamoo, Fundi," alisema.

"Marahaba. Kaa. Sio hapo, hapo ni pake."

Mabula alichuchumaa. Akatoa koili tatu mfukoni, akaziweka sakafuni, akasema alichotakiwa kusema. Alisema polepole, akiangalia shaba badala ya uso wa mzee. Kwamba siku kanda iliporekodiwa, Mama Nizar alipokuwa anakohoa, mkono haukusimama. Uliendelea kuzungusha, naye alikuwa anaukodolea macho kama kawaida yake, alipopata pumzi akachukulia pale mkono ulipofika. Kanda haina mkono. Kanda ilibaki na kikohozi tu, na ndani ya kikohozi kulikuwa na mizunguko saba.

Velji aliokota koili moja, akaigeuzageuza.

"Alitaka Nizar asikie karakana," alisema. "Akabonyeza hiyo redio, akasema leo mtoto asikie baba yake anafanya kazi. Badrudin alikuwa na haraka na mota yake. Mama Nizar akaanza kukohoa, na mimi..." Alishika kono. "Sikugeuza hata kichwa, Mabula. Mizunguko saba mke wangu anapasuka kifua, mimi nazungusha. Kanda hatukuituma, wiki ile alilala hakuinuka tena. Sasa akikohoa nasimama. Namngoja. Sikujua kama nampunja mtu."

Mabula alilia. Hakuna haja ya kuficha. Alilia mbele ya mzee wake kama mtoto mdogo, na mzee akamwachia alie.

"Fundi, ni mizunguko saba tu," alisema baadaye, akijipangusa kwa mkono wa shati. "Simama akikohoa. Akimaliza, mimi nitakuhesabia saba zilizobaki. Mota itafanya kazi. Huendi Toronto."

"Saba baada ya yeye kusema basi?"

"Baada ya basi."

Velji alifikiri, kisha akakubali kwa kichwa. "Lakini habari ya kanda usimwambie mtu. Wataniona vingine."

"Simwambii mtu."

Walifanya kazi siku tatu. Rehmat alihesabu, akakohoa, mkono ukasimama, akaendelea, akasema basi. Kisha Mabula, kwa sauti ya chini, akaongeza saba. Siku ya nne, vanishi ilipokauka, waliifunga mota, na Mabula akabonyeza kitufe. Sanduku likapandisha mwendo taratibu, ampea zikatulia chini, herufi hazikutokea. Nkwabi akamwaga mbegu. Skrubu ikala, kinu kikaguruma, na mafuta ya kwanza yakaanza kuchuruzika. Wafanyakazi walipiga vigelegele, Velji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Machi, na Mabula akaona dunia imemkalia vizuri.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Badrudin alimwita ofisini, akamsukumia kiti, akamwagizia chai. "Sasa niambie. Ilikuwa nini?"

"Mizunguko ilipungua saba."

"Kila koili?"

"Kila koili."

"Basi mzee amechoka, Mabula. Mota ya tatu hii. Leo umemsimamia wewe. Kesho?"

"Hajachoka!" Mabula aliinuka kitini. Alimwona mzee wake akihukumiwa kwa kosa lisilo lake, na yeye ndiye shahidi peke yake. Ahadi ilimjia kichwani, akaipita. "Akili yake ni nzima kabisa, Bwana Badrudin. Angekuwa amechoka angekosea ovyo. Ni kanda tu." Akaeleza yote: redio juu ya kigoda, kikohozi, mkono unaosimama, mizunguko saba. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama fundi anavyoeleza ubovu uliopatikana. Alipomaliza alikuwa anatabasamu.

Badrudin hakutabasamu. Alikuwa ametazama meza, na macho yake yalikuwa na maji.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne mzee wetu amejifungia na sauti ya maiti, akimngoja amalize kukohoa. Na wewe unaniambia huyo ni mzima?"

"Bwana Badrudin, sikuwa na maana..."

"Umefanya vizuri kuniambia, Mabula. Umefanya vizuri sana."

Barua ilikwenda siku hiyohiyo. Mabula alikwenda ofisini mara tatu kuomba, mara ya tatu alipiga magoti, na Badrudin akamwinua kwa heshima na kumwambia mtu mpweke namna ile haachwi peke yake. Baya zaidi ni kwamba hakuwa anasema uongo. Alimpenda mzee yule.

Nizar alifika Septemba, mtu mzima mwenye koti zito, mpole, asiyejua tena ni mlango upi wa karakana ulio na kizingiti kibovu. Velji hakubishana. Siku ya safari watu walijaa stesheni. Alipokuwa anapanda behewa alimwita Mabula kando.

"Ulimwambia."

"Nilimwambia, Fundi. Nilidhani nakuokoa."

Mzee alimwangalia. Hasira haikuwemo usoni mwake, na Mabula angeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Asumini yake inapenda maji asubuhi," alisema Velji. "Jua likishapanda usimwagilie, majani yanaungua." Kisha akampa kono la kalibu, lililolainika kwa miaka thelathini ya kiganja kimoja. Kanda alibaki nayo, Mabula aliiona imetuna kwenye mfuko wa shati lake, upande wa moyo. Treni ikaondoka kuelekea Tabora.

Kila Ijumaa Mabula huenda makaburini na kopo la maji, kabla jua halijapanda. Siku za kazi hukaa karakanani, ambako Badrudin, kwa niaba ya mzee, alimwachia kila kitu. Oktoba mota nyingine ya kiwanda iliungua, ya aina ileile, ya arobaini na nne. Nkwabi aliileta kwa mkokoteni na kuketi mlangoni kungoja.

Mabula alifunga kalibu, akashika kono, akaanza kuhesabu kwa sauti. Kigoda cha kando hakukikalia. Waya ulikwenda vizuri. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja.

Mkono ukasimama. Hakuuamuru. Ulisimama wenyewe, kono limeshikwa wima, na yeye akainamisha kichwa.

Nkwabi alingoja kidogo. "Fundi? Waya umekwama?"

"Hapana."

"Sasa mbona umesimama?"

Mabula aliangalia kigoda. Alingoja mpaka ulipopita muda wa kutosha mtu kukohoa na kupata pumzi yake.

"Mama Nizar anakohoa," alisema. "Bwana Badrudin usimwambie."

Kisha akazungusha. Thelathini na mbili.